Kiazi Mviringo na Tatizo la Joto

Wengi hudhani kwamba kiazi mviringo ni mzizi. La hasha! Kiazi ni ncha ya tawi la chini ya ardhi iliyovimba kwa wanga, na yale "macho" yake ni machipukizi. Mmea huu asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, ambako usiku huwa wa baridi. Ndiyo sababu katika Afrika Mashariki hustawi zaidi nyanda za juu, kama vile Mbeya, Njombe, Meru na Nyandarua.

Viazi hujiunda vema katika joto la nyuzi 15 hadi 20 za Sentigredi. Joto lizidipo, hasa usiku, mambo mawili hutokea. Kwanza, sehemu kubwa ya sukari iliyotengenezwa na majani mchana hutumika katika upumuaji wa mmea. Pili, hupungua protini iitwayo SP6A, ambayo husafiri kutoka majanini na kuliamuru tawi lianze kuvimba. Mkulima huona majani mengi ya kupendeza, lakini achimbapo hupata viazi haba.

Dunia inazidi kupata joto, wala mkulima hawezi kuhamia juu mlimani daima: huko kuna misitu ilindayo vyanzo vya maji, na kila mlima una kilele. Hapana budi, basi, kuzalisha aina mpya.

Wataalamu huchukua chavua ya aina moja na kuipaka kwenye ua la aina nyingine. Kiazi kina kromosomu 48 katika seti nne, ilhali binadamu ana seti mbili tu. Hivyo kila mbegu hutoa mmea tofauti, na sifa njema ya mzazi huweza kufichika. Kwa hiyo miche mingi hupandwa penye joto, michache huteuliwa, nayo hujaribiwa kwa misimu kadhaa. Mche uliofaulu huzidishwa kwa viazi vyake wenyewe, ili sifa zisibadilike.

Kazi hiyo hufanywa na Kituo cha Kimataifa cha Viazi, kilichoanzishwa Lima, Peru, mwaka 1971. Miongoni mwa matunda yake ni aina ya Unica, istahimiliyo joto, ambayo iliidhinishwa pia nchini Kenya mwaka 2016.

Hata hivyo, kustahimili joto si kustahimili kiu. Mbegu bora bado yahitaji maji, udongo wenye rutuba na kinga dhidi ya virusi visambazwavyo na vidukari, ambao nao huzaana upesi penye joto.