Mbio za farasi: Pumzi ya mtamba hupimwa vipi kabla ya kuweka dau?

Na Mwandishi Wetu, Nachingwea

MINADA ya korosho inapoanza mwezi Oktoba na malipo ya wakulima yanapoanza kuingia kwenye akaunti zao, sura ya miji ya Nachingwea na Ruangwa hubadilika. Maduka huchangamka, bodaboda hazilali, na vibanda vya kubeti navyo hupata sehemu yake ya jasho la mkulima.

Katika vibanda vya aina hiyo, kama ilivyo katika miji mingi nchini, mpira wa miguu ndio unaotawala. Lakini mechi zinapokuwa hakuna, macho huhamia kwenye runinga inayoonyesha mbio za farasi, ambazo huanza na kumalizika kila baada ya dakika chache, usiku na mchana.

Hapo ndipo wanapojitokeza wataalamu wa ghafla. Huyu atasema farasi namba tano ana pumzi, yule atadai kuwa namba mbili hajashinda siku nzima, hivyo zamu yake imewadia.

Je, pumzi ya farasi hupimwa vipi? Na mtu akishaijua, inamsaidiaje kulinda shilingi yake? Maswali haya yana majibu, lakini si yale ambayo wengi wanayategemea.

Kwanza ieleweke kwamba farasi ni mgeni kusini mwa Tanzania. Mbung'o waliozagaa katika misitu ya ukanda huu, pamoja na ugonjwa wa nagana wanaoueneza, wamewafanya farasi wasistawi. Ndiyo maana misafara ya karne ya 19 iliyotoka bara kuelekea Kilwa ilitegemea mabega ya wapagazi, na si migongo ya wanyama.

Kwa hiyo mkazi wa Nachingwea hana mahali pa kumtazama farasi wa mashindano kwa macho yake. Uwanja wa karibu wenye sifa hiyo ni wa Ngong, jijini Nairobi, uliofunguliwa mwaka 1954 na ambao unasimamiwa na Jockey Club of Kenya. Kalenda yake inafuata kielelezo cha Uingereza: kuna Guineas, Derby, Oaks na St Leger.

Hizo ndizo huitwa mbio za klasiki, yaani mashindano makuu ya farasi wa umri wa miaka mitatu. Oaks ni ya mitamba peke yao, yaani farasi majike ambao hawajazaa. Ile ya asili, inayofanyika katika uwanja wa Epsom, kusini mwa London, ilianza mwaka 1779, mwaka mmoja kabla ya Derby maarufu ya uwanja huohuo.

Ugumu wa Oaks uko katika umbali wake. Majuma machache kabla, mitamba bora hukutana katika mbio za 1000 Guineas, ambazo ni za mita 1,600 hivi. Kisha, mwanzoni mwa Juni au mwishoni mwa Mei, hutakiwa kukimbia takriban mita 2,400 pale Epsom. Wengi wao hawajawahi kukimbia umbali huo hata mara moja.

Uwanja wenyewe nao hauna huruma. Nusu ya kwanza ni mlima unaopanda takriban mita 40, kisha kuna mteremko wenye kona kali, na mwisho ni njia iliyonyooka lakini iliyoinamia upande mmoja. Mbio nzima huchukua dakika mbili na nusu na ushei.

Watanzania wanaijua hadithi ya namna hii kutoka kwa mwanariadha wao wenyewe. Mwaka 1974, mjini Christchurch, Filbert Bayi aliongoza tangu mwanzo na kuweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa kutumia dakika 3 na sekunde 32.2.

Katika Michezo ya Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, Bayi alikimbia mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Aliongoza tena kwa mwendo uleule wa kishujaa, lakini katika mzunguko wa mwisho pumzi ilimwishia. Bronisław Malinowski wa Poland alimpita, na Bayi akapata medali ya fedha. Kasi haikumpungukia, ulioongezeka ni umbali.

Anayempima mtamba kwa ajili ya Oaks hujiuliza swali hilohilo: kasi yake itamfikisha wapi?

Jibu la kwanza hutafutwa katika mwili. Moyo wa farasi aliyetulia hupiga mara 35 hivi kwa dakika, lakini akiwa katika kasi kubwa hupita mapigo 200. Wengu lake huhifadhi chembe nyekundu za damu na kuzimwaga mwilini anapokimbia, ili damu ibebe oksijeni nyingi zaidi. Isitoshe, farasi anayekimbia kwa kasi huvuta pumzi moja kwa kila hatua, hivyo anayeharibu mpangilio wa hatua zake huharibu pia upumuaji wake.

Mwaka 2010, watafiti wakiongozwa na Emmeline Hill wa University College Dublin walichapisha matokeo kuhusu jeni inayodhibiti ukuaji wa misuli. Walibaini kuwa aina moja ya jeni hiyo huelekea kumpa farasi misuli mizito ya mbio fupi, nyingine humfaa wa masafa marefu, na anayerithi mchanganyiko huwa katikati.

Mcheza kamari wa kawaida hana uwezo wa kupima damu ya farasi wa mtu mwingine. Hivyo hutumia kipimo cha zamani, ambacho ni nasaba.

Mfano mzuri ni Snowfall. Akiwa na miaka miwili, katika mbio fupi, mtamba huyo hakuonyesha makubwa. Lakini baba yake, Deep Impact, alitwaa mataji yote matatu ya klasiki ya Japani mwaka 2005, likiwamo la mita 3,000, na baba wa mama yake ni Galileo, bingwa wa Derby ya Epsom ya mwaka 2001. Umbali ulipoongezwa, damu ile ilijibu. Mwaka 2021 Snowfall alishinda Oaks kwa tofauti ya urefu wa farasi 16, ambayo haijawahi kufikiwa katika historia ya mashindano hayo.

Hata hivyo, nasaba husomwa pande zote mbili. Mwaka 2015 aliyepewa nafasi kubwa alikuwa Legatissimo, ambaye alikuwa ametoka kushinda 1000 Guineas. Kulikuwa pia na mtamba aliyeitwa Qualify, ambaye baba yake, Fastnet Rock, alikuwa bingwa wa mbio fupi nchini Australia. Kwa aliyetazama upande wa baba peke yake, Qualify hakuwa na lake pale.

Lakini baba wa mama yake alikuwa Galileo yuleyule. Qualify alimpata Legatissimo kwenye mstari na kumshinda kwa tofauti ndogo kama pua. Malipo yake yalikuwa 50 kwa 1, yaani aliyeweka Sh1,000 angepata faida ya Sh50,000. Legatissimo hakuwa farasi mbovu, kwani mwaka huohuo aliendelea kushinda mashindano makubwa ya masafa mafupi zaidi. Mita za mwisho za Epsom ndizo zilizokuwa nyingi kwake.

Jambo la pili ni namna mtamba alivyomaliza mbio zake zilizotangulia. Hapa wengi hudanganyika. Mbio zikikimbiwa polepole, kisha mtamba akachomoka mita 400 za mwisho, hilo linathibitisha kasi na wala si pumzi. Mwenye pumzi ni yule ambaye mbio zilikuwa za kasi tangu mwanzo, wenzake wakaanza kulegea, naye akazidi kuongeza pengo hadi baada ya mstari.

Jambo la tatu ni tabia. Mtamba anayevutana na mpanda farasi wake, akitaka kwenda mbio wakati anazuiwa, huchoma mapema akiba ambayo angeihitaji mlimani. Mtulivu huifikisha akiba hiyo mwisho.

La nne ni ardhi. Mvua ikinyesha na nyasi zikalowa, mita 2,400 huwa kama zimeongezeka, kwa kuwa kila hatua hudai nguvu zaidi. Snowfall alipata ushindi wake ule mkubwa katika ardhi iliyolowa, wakati wengine walikuwa wakihesabu hatua.

La tano ni afya ya miguu, ambayo haionekani kwenye karatasi. Beryl Markham, mfunza farasi wa Kenya ambaye baadaye alipata umaarufu kwa kurusha ndege kuvuka Atlantiki mwaka 1936, anasimulia katika kitabu chake cha mwaka 1942 jinsi mtamba wake, Wise Child, alivyoshinda St Leger ya Kenya mwaka 1926 akiwa na kano dhaifu za miguu. Pumzi alikuwa nayo. Hofu ilikuwa kama miguu ingeibeba. Hofu ya aina hiyo huifahamu mfunzaji, wala si mtu aliyeko dirishani na tiketi yake.

Tuchukulie kwamba msomaji ameyazingatia yote matano na amempata mtamba wake. Je, aweke dau?

Hapa ndipo elimu ya farasi inapokutana na hesabu. Swali la mwenye kuweka dau si nani atashinda, bali ni kama malipo yanayotolewa yanalingana na uwezekano wa kushinda. Mtamba mwenye nafasi moja kati ya nne anastahili kulipa Sh4,000 kwa kila Sh1,000, dau likiwamo. Akilipa Sh3,000 tu, kumchagua ni hasara, hata kama leo atashinda.

Chukua mfano wa kubuni wa mitamba wanane, ambao malipo yao kwa kila Sh1,000 ni Sh3,000, Sh4,000, Sh6,000, Sh8,000, Sh10,000, Sh12,000, Sh16,000 na Sh20,000. Mtu anayetaka kuhakikisha kuwa anapokea Sh100,000, mtamba yeyote akishinda, atalazimika kugawa madau yenye jumla ya takriban Sh117,000.

Hizo Sh17,000 za ziada ndizo riziki ya mchezeshaji. Kwa maneno mengine, anayebahatisha bila ujuzi atarudishiwa, kwa muda mrefu, kama Sh850 kwa kila Sh1,000 anayotoa, na hapo kodi ya ushindi haijakatwa. Mjuzi anatakiwa kuwa na ujuzi wa kuziba pengo hilo kwanza, ndipo aanze kupata faida. Naye anashindana na watu wanaoamka alfajiri kuwatazama farasi hao wakifanya mazoezi.

Hadi hapa tumezungumzia farasi wenye damu. Sasa turudi kwenye runinga ya kibandani.

Mbio zinazoonyeshwa humo kila baada ya dakika chache, kwa kawaida, si za farasi wa kweli. Ni picha zilizotengenezwa na kompyuta, na mshindi huchaguliwa na programu inayotoa namba kwa kubahatisha. Farasi anayeonekana akihema hapumui. Hana baba wala mama, hana kano ya kuuma, na mvua haimhusu.

Kwa hiyo, mambo yote matano yaliyoelezwa hapo juu hayana kazi mbele ya runinga hiyo. Namba mbili aliyeshindwa siku nzima hana zamu inayokuja, kwa kuwa programu haikumbuki mbio zilizopita. Kinachobaki ni ile sehemu ya mchezeshaji, ambayo hukatwa katika kila mbio. Oaks ya Epsom hukimbiwa mara moja kwa mwaka, lakini za kwenye runinga zinaweza kukimbiwa mara nyingi kabla mkulima hajamaliza kunywa chai.

Wakazi wa Nachingwea wana kumbukumbu ya dau kubwa kuliko yote haya. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa karanga hapa, Kongwa na Urambo, kabla ya kuchunguza vya kutosha mvua, udongo na misitu ya maeneo hayo. Ulipoachwa mwaka 1951, zaidi ya pauni milioni 35 zilikuwa zimepotea. Wataalamu walikuwapo na mitambo ilikuwapo, lakini fedha zilitangulia na vipimo vikafuata.

Michezo ya kubahatisha ni halali nchini chini ya sheria ya mwaka 2003, na husimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Aliye chini ya umri wa miaka 18 haruhusiwi kucheza. Mtu mzima mwenye kuipenda hazuiwi kutenga kiasi kidogo cha burudani, kama anavyotenga nauli ya kwenda kuangalia mpira.

Lakini fedha za korosho zina kazi zake zinazojulikana: ada za shule, sulphur ya msimu ujao, palizi na chakula cha miezi ya mvua kabla ya mavuno. Kutoka minada ya Oktoba hadi minada ya Oktoba nyingine ni safari ndefu, na anayemaliza akiba yake mwanzoni atajikuta kama mtamba aliyevutana na hatamu mlimani. Pumzi ya kwanza kupimwa, kabla ya ile ya farasi yeyote, ni ya mfuko wake mwenyewe.