Gilasi ya Maji na Safari Yake Tumboni

Hapo zamani, wala si za kale sana, mwaka 2006, katika miji ya Dortmund na Essen nchini Ujerumani, watafiti walizichagua shule za msingi 32 katika mitaa ya watu wa kipato cha chini. Katika shule 17 wakafunga mabomba ya maji baridi ya kunywa, kila mtoto akapewa chupa yake ya nusu lita, na walimu wakafundisha vipindi vinne kuhusu mwili na maji. Shule 15 zikaachwa vilevile zilivyokuwa. Hakuna mtoto aliyeambiwa apunguze kula. Hakuna aliyeongezewa mchakamchaka.

Mwaka wa shule ulipokwisha, watoto karibu 3,000 wakapimwa. Wale wenye mabomba walikuwa wakinywa maji gilasi moja hivi zaidi kwa siku, na uwezekano wao wa kuwa na uzito uliopita kiasi ulikuwa chini kwa asilimia 31 kuliko wa wenzao. Gilasi moja tu, wanangu!

Basi watu wakisikia habari kama hizo hukimbilia kusema kwamba maji huyeyusha mafuta, hasa yakiwa ya moto, yamekamuliwa ndimu, na yamenywewa alfajiri kabla ya kutia kitu kingine mdomoni. Mmeyasikia hayo, na mtayasikia tena. Si kweli. Ndimu ni tamu kwenye samaki, ina vitamini C, lakini haina uwezo wa kukata kitambi cha mtu yeyote. Kazi ya maji ni nyingine, na ni nzuri zaidi. Njooni tuifuate hiyo gilasi iteremkapo.

Kwanza inafika tumboni. Tumbo hutanuka, na mishipa ya fahamu kwenye kuta zake hupeleka habari ubongoni kwamba nafasi imepungua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia Tech, Marekani, walilijaribu jambo hili kwa watu wa miaka 55 hadi 75 na kuchapisha matokeo mwaka 2010. Wote walikuwa wakila kwa kipimo, ila nusu yao walikunywa nusu lita ya maji kabla ya kila mlo. Baada ya wiki 12, wanywaji wa maji walikuwa wamepungua takriban kilo 2 zaidi. Lakini katika jaribio jingine, vijana walipopewa maji hayo nusu saa kabla ya kula, walikula kama kawaida yao, hawakupunguza. Nimefurahi kuwa hivyo. Ninyi mnakua, mifupa yenu inadai chakula, na sitaki kumsikia mtoto anajaza tumbo maji ili aukimbie ugali. Wala asichekwe mtu kwa unene au wembamba wake.

Faida yenu kubwa iko katika kile ambacho maji yanachukua nafasi yake. Fanyeni jaribio hili jioni, mbele ya mama au baba. Chukueni chupa ya soda ya cola ya mililita 300, msome maandishi madogo ubavuni. Nyingi zina gramu 10 na ushei za sukari kwa kila mililita 100, yaani chupa nzima ina zaidi ya gramu 30. Kijiko cha chai kilichosawazishwa hubeba gramu 4 hivi. Sasa mimineni maji safi kiasi hichohicho kwenye gilasi, mtie sukari kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu, mpaka karibu nane. Tazameni inavyotuama chini, nyeupe, mpaka ukoroge sana ndipo ipotee. Onjeni. Mtakunja uso! Utamu huohuo ndio uliomo kwenye soda, ila ubaridi na ukali wake huufunika ulimi usiusikie wote. Juisi ya ukwaju iliyojazwa sukari haina tofauti. Tena sukari ya kunywa haishibishi. Ukimaliza chupa, sahani ya wali utaimaliza pia. Ndiyo maana mtu anayebadili soda ya kila siku kwa maji anaweza kupungua polepole bila hata kuhisi njaa.

Tuendelee. Kutoka tumboni gilasi yetu inaingia utumbo mwembamba, na huko inakuta mafuriko. Kwa siku nzima lita 9 hivi za maji hupita hapo. Lita 2 tu ndizo zilizotoka kwenye vinywaji na vyakula. Zile 7 mwili wenyewe umezimwaga: mate, nyongo, maji ya kongosho, ya tumbo na ya utumbo. Karibu zote hufyonzwa na kurudi kwenye damu, na choo cha siku hutoka na chini ya robo lita. Mwili wetu hautupi maji ovyo.

Hapo ndipo linapoingia suala la tumbo kujaa. Mwili ukiwa mkavu, utumbo mpana hukamua hata kile kidogo ulichopaswa kukiacha. Choo kinakuwa kigumu, kinanata njiani kama ugali uliosongwa kwa maji haba, na nyuma yake hewa inakosa pa kupita. Tumbo linajaa, linauma, mtu ananuna darasani na mwalimu hajui kwa nini. Maji, pamoja na mchicha, maembe, maharage na unga wa dona, huulegeza mzigo huo. Mboga bila maji hazitoshi, maana nyuzinyuzi zake zinafanya kazi zikiwa zimelowa.

Lakini tumbo halijai kwa sababu moja. Nendeni jikoni asubuhi mkayatazame maharage yaliyolowekwa usiku kucha. Maganda yaliyokuwa makavu yamekunjamana kisha yakatanuka, maji yamegeuka rangi, na juu kuna mapovu madogo. Ndani ya maharage mna aina za sukari ambazo utumbo wetu mwembamba hauwezi kuzimeng'enya. Zinafika nzima utumbo mpana, na bakteria wa huko wanazila na kutoa gesi. Ukiyamwaga maji ya kulowekea na kupikia maji mapya, sehemu ya sukari hizo imemwagika. Hewa nyingine tunaimeza wenyewe: kwa kula haraka, kwa kunywa kwa mrija, kwa kutafuna bazoka. Na mapovu ya soda ni kabonidayoksaidi tupu unayoishusha tumboni kwa hiari yako.

Kuna na chumvi. Ukila chipsi zilizonyunyiziwa bila huruma, mwili hushikilia maji ili chumvi isizidi kipimo katika damu. Kesho yake pete inabana, uso umevimba kidogo, na mizani inasema umeongezeka kilo. Maji lita moja ni kilo moja, hakuna mafuta yaliyoota usiku. Figo za mtu mzima huchuja lita 180 hivi kwa siku, zikirudisha karibu zote na kutoa mkojo lita moja na nusu hivi, na zikipewa maji ya kutosha na chumvi kidogo, ule uvimbe huisha baada ya siku moja au mbili.

Mtaniuliza, mafuta yenyewe basi huenda wapi mtu akipungua? Mwaka 2014 Ruben Meerman na Andrew Brown wa Australia walipiga hesabu ambayo hata madaktari wengi hawakuwa wakiijua. Kilo 10 za mafuta zikiunguzwa mwilini, kilo 8.4 hutoka kwa pumzi, zikiwa kabonidayoksaidi, na kilo 1.6 hugeuka maji. Kwa hiyo mtoto anayecheza rede mpaka akahema anayatoa mafuta kwa pua na mdomo!

Kiasi gani kinatosha? Ule usemi wa gilasi nane za maji kwa siku unasimuliwa nusu. Mwaka 1945 bodi ya lishe ya Marekani ilitaja lita 2.5 kwa mtu mzima, ikaongeza kwamba sehemu kubwa yake imo tayari kwenye chakula, na watu wakalisahau hilo la pili. Wataalamu wa Ulaya wanasema mvulana wa miaka 9 hadi 13 anahitaji lita 2.1 kwa siku na msichana lita 1.9, ukihesabu uji, mchuzi, tikiti maji na vyote. Siku ya jua kali, au ya mechi, ongezeni. Mkojo ukiwa wa manjano iliyokolea, mmechelewa kunywa. Kunyweni kidogo kidogo siku nzima, msishindane kumaliza lita kadhaa kwa mkupuo, kwani maji mengi ghafla huipunguza chumvi ya damu mpaka mtu akazimia. Yawe yamechemshwa yakatokota, au yametiwa dawa, maana maji machafu huleta kuhara, na kuhara hukausha mwili kuliko kiu. Na tumbo likijaa siku baada ya siku, likauma, au mkiona damu chooni, mwambieni mzazi awapeleke zahanati.