Pumu na mchakamchaka wa asubuhi

Asubuhi za Juni na Julai hapa Wasso hewa ni baridi na kavu, na ndiyo saa ya mchakamchaka. Mtoto mwenye pumu hapo ana kazi. Akikimbia huhema kwa mdomo, akaipita pua ambayo huipasha hewa joto na kuilowanisha. Hewa kavu hunyonya unyevu wa njia zake za hewa, na misuli inayozizunguka hujikaza. Njia ikipungua kipenyo kwa nusu, ugumu wa kupitisha hewa hupanda mara 16, na za mtoto ni nyembamba tangu mwanzo.

Walimu waangalie zaidi baada ya mbio. Mara nyingi kifua hubana sana dakika 5 hadi 10 baada ya mtoto kusimama. Wenzake wameshaingia darasani, yeye anakohoa na kifua kinapiga filimbi. Wengi wa watoto hawa huitwa wavivu tu.

Tena usiku huenda alilala kwenye nyumba ya udongo na samadi yenye moto wa kuni ndani, akaamka kifua kimeshachokozwa na moshi.

Mwaka 2011 umati ulifurika Samunge, wilayani humu humu, kunywa kikombe cha dawa ya Mchungaji Ambilikile Mwasapila, na pumu ilikuwa kwenye orodha ya maradhi yaliyosemwa kuwa inaponya. Ukweli ni kwamba dawa ya kuimaliza pumu haipo, lakini za kuidhibiti zipo. Salbutamol ya kuvuta hulegeza misuli ndani ya dakika chache. Beklomethasoni hupunguza uvimbe, nayo hutumiwa kila siku hata mtoto akiwa mzima. Hapo ndipo wazazi wengi huacha. Asiyeweza kuvuta vizuri hupulizia dawa ndani ya chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitako. Watafiti wa Cape Town walionyesha mwaka 1999 kuwa inafanya kazi sawa na kifaa cha dukani. Muuguzi atakuonyesha namna ya kuitoboa.

Kumkataza mtoto mwenye pumu kukimbia ni kumdhoofisha bure. Paula Radcliffe wa Uingereza, mwenye pumu, alikimbia marathoni ya London ya 2003 kwa saa 2:15:25. Mtoto aanze kwa kutembea, kisha akimbie polepole kwa dakika 10, shuka likiwa puani asubuhi ya baridi.

Akishindwa kumaliza sentensi, mbavu zikibonyea au midomo ikiwa ya bluu, mpulizie salbutamol mkiwa njiani kwenda hospitali.