Siasa zilivyoingia katika posa za mashamba ya Unguja

BUSTANI ya Forodhani mjini Zanzibar, iliyofunguliwa mwaka 1936, hujaa watu kila jioni, wachumba wakiwamo. Ni vigumu kwa anayepita hapo leo kuamini kwamba kulikuwa na wakati kisiwani Unguja ambapo chama cha siasa kiliweza kuvunja uchumba, ndoa na hata ujirani wa miaka mingi.

Wakati huo, kati ya mwaka 1957 na 1964, wengi huuita "zama za siasa". Haukuitwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, lakini athari zake ziliingia hadi jikoni na makaburini.

Katika mashamba ya karafuu na minazi, ndoa haikuwa jambo la watu wawili. Upande wa mume ulimtuma mshenga kupeleka posa. Wazee wa mke waliulizia nasaba na tabia ya kijana, kisha yakazungumzwa mahari, kilemba cha baba na mkaja wa mama. Harusi ilipofika, majirani ndio waliochambua mchele, wakakuna nazi na kupika. Ndiyo maana husemwa kwamba shughuli ni watu.

Kilimo nacho kilitegemea maelewano. Wakulima wengi hawakuwa na ardhi. Mwenye shamba aliwaruhusu kulima muhogo na mazao mengine ya chakula chini ya miti yake, nao wakampalilia shamba.

Maelewano hayo yalitikiswa na uchaguzi wa kwanza wa Julai 1957, ambao chama cha ZNP, maarufu kwa jina la Hizbu, hakikupata kiti hata kimoja. Baadhi ya wenye mashamba waliwafukuza wakulima walioiunga mkono Afro-Shirazi. Wafuasi wa Afro-Shirazi nao wakasusia maduka ya wapinzani wao. Watu wa vijiji vimoja walikataa kupanda gari moja na kuzikana.

Katika hali hiyo posa isingeweza kusalimika. Mshenga hufanya kazi yake kwa sababu anaaminiwa na nyumba zote mbili, na asiyekwenda kumzika jirani yake hawezi kwenda kumpikia harusi. Jamaa walitengana, na ndoa nyingine zikavunjika kwa sababu ya chama.

Kususiana kuligeuka umwagaji damu siku ya uchaguzi, Juni 1, 1961. Ghasia zilianza mjini zikasambaa mashamba, na watu 68 waliuawa, wengi wao Waarabu. Uchaguzi wa Julai 1963 haukuleta suluhu: Afro-Shirazi ilipata kura nyingi zaidi, lakini viti vingi vilikwenda kwa muungano wa ZNP na ZPPP. Uhuru ulipatikana Desemba 10, 1963, na Januari 12, 1964 yakatokea Mapinduzi, yaliyofuatwa na mauaji na wimbi la watu kuikimbia nchi.

Baada ya hapo dola yenyewe iliingia katika ndoa. Septemba 1970, wasichana wanne wenye asili ya Iran waliozwa kwa nguvu kwa watu wazima wa Baraza la Mapinduzi. Utawala ulidai kuwa unaondoa ubaguzi wa rangi. Hata hivyo, posa ni ombi, na ombi lisiloweza kukataliwa ni amri. Zama za siasa zilikuwa zimewanyima watu hiari ya kukubaliana. Sasa walinyimwa hiari ya kukataa.

Ususiaji wa misiba na harusi ulijitokeza tena baada ya uchaguzi wa vyama vingi wa 1995, hasa Pemba. Maridhiano ya Novemba 2009 kati ya Rais Amani Karume na Maalim Seif Sharif Hamad, pamoja na kura ya maoni ya Julai 31, 2010, iliyoungwa mkono na takriban asilimia 66 ya wapiga kura, vilifungua njia ya serikali ya umoja wa kitaifa.

Mafanikio ya maridhiano kama hayo hayapimwi kwa mgawanyo wa nafasi za uwaziri pekee. Kipimo kingine kiko vijijini: kama mzazi akipokea posa anauliza tabia ya kijana, au anauliza kwanza chama chake.