Kimbunga Kikija, Uliza Uko Upande Gani

Kimbunga kikitajwa tu kwenye taarifa ya habari, watu wa pwani huulizana swali moja: kitapiga Dar au hakipigi? Swali lenyewe si baya, ila jibu lake halimsaidii sana mkazi wa Mafia, Kilwa wala Mikindani. Ule mstari unaochorwa kwenye ramani huonyesha njia ya kitovu peke yake, na kimbunga huweza kutanda mamia ya kilomita kila upande wa kitovu hicho.

Ni kweli kwamba vimbunga ni adimu kwetu. Kimbunga hulishwa na bahari yenye joto la nyuzi 26.5 au zaidi, na joto hilo tunalo. Tunachokosa ni nguvu ya mzunguko wa dunia, ile inayoufanya upepo uanze kujizungusha. Kwenye ikweta nguvu hiyo haipo kabisa, na ndani ya nyuzi 5 za latitudo ni hafifu mno. Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta, Unguja nyuzi 6, Mtwara zaidi ya 10. Kwa hiyo hatari huongezeka kadiri unavyoshuka kusini. Isitoshe, vimbunga vingi vya bahari yetu huelekea magharibi kisha hukata kona kusini, na Madagaska imekaa katikati ya njia hiyo. Lakini hata Kenya haina kinga kamili: Mei 2024 Kimbunga Ialy kilipita jirani na pwani yake, kikaleta upepo mkali na mawimbi makubwa bila kutua.

Adimu basi maana yake nini? Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja na Bagamoyo. Meli za Sultani Barghash ziliharibika bandarini na mikarafuu mingi ya Unguja ikang'oka. Pemba ilinusurika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo ndiyo iliyoongoza kwa karafuu. Aprili 1952 kingine kilitua upande wa Lindi na Mtwara, kikaua watu. Tarehe 4 Mei 2024 Hidaya kilifika Mafia, kikiwa kimeshapungua nguvu. Tukivihesabu hivyo vitatu tu, ni kama kimoja kila miaka 50 kwa pwani nzima ya Tanzania. Wengi husikia "miaka 50" wakadhani kimbunga kikishapita, kizazi kizima kitalala salama. Hesabu haiendi hivyo. Uwezekano wa 1 kati ya 50 unarudi upya kila mwaka, na mtu akikaa pwani miaka 30, uwezekano wa kukutana na angalau kimbunga kimoja mahali fulani katika pwani hiyo ni karibu asilimia 45. Kwa kijiji kimoja ni mdogo zaidi, lakini si wa kupuuzwa na mtu anayejenga nyumba ya kurithisha wanawe.

Tazama tena tarehe hizo. Zote ni Aprili na Mei. Hata Kenneth cha 2019 na Jobo cha 2021, kilichoyeyuka karibu na Dar es Salaam na kuwaachia watu cha kutania, vilikuja Aprili. Msimu wa vimbunga katika bahari yetu huanza Novemba, lakini kipande chetu cha maji hufikia kilele cha joto kati ya Machi na Aprili, kaskazi ikiwa imechoka na kusi haijashika: ile tangambili ambayo manahodha wameiogopa siku zote. Ubaya wake ni kwamba huangukia masika. Hidaya kilikuta ardhi imeshiba maji na watu wa Rufiji na Kibiti wakiwa tayari wameshafurikiwa mwezi mmoja kabla.

Sasa suala la upande. Kusini mwa ikweta upepo wa kimbunga huzunguka kufuata mishale ya saa. Kitovu kikija kutoka mashariki, walioko kusini yake hupigwa na upepo utokao baharini, unaosukuma maji na mawingu kuelekea nchi kavu. Walioko kaskazini yake upepo huwajia kutoka bara na kuyarudisha maji baharini. Tarehe 25 Aprili 2019 Kenneth kilitua Cabo Delgado, Msumbiji, kwa upepo wa zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Watu wa Mtwara walikuwa wamehamishwa, na kwa kuwa walikuwa karibu kilomita 200 kaskazini ya kitovu, walipata nafuu kubwa. Hidaya kilifanya kinyume. Kilifika Mafia, lakini mikoa ya Lindi na Mtwara, iliyokuwa kusini yake, ndiyo iliyopata mvua nzito.

Jambo la pili la kuuliza ni mwezi. Kwetu tofauti ya maji kupwa na kujaa wakati wa bamvua hufikia karibu mita 4. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, hupungua sana. Maji yanayosukumwa na kimbunga hupanda juu ya kiwango chochote cha bahari yanachokikuta. Kimbunga Idai kilipiga Beira, Msumbiji, usiku wa tarehe 14 Machi 2019, siku ya nusu mwezi. Kenneth kilitua siku moja kabla ya nusu mwezi, na Hidaya siku tatu baada yake. Vyote vitatu vilikuta maji mafu au karibu yake. Hiyo ni bahati tupu, na sijaona ikitajwa vya kutosha. Kimbunga kama Kenneth kikija siku ya bamvua, maji yakiwa yamejaa, Mikindani au Kilwa Masoko itaona bahari ikifika mahali ambapo hakuna aliye hai aliyewahi kuiona.

Kuhusu upepo wenyewe nitasema kidogo. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nne, na upepo huling'oa bati kwa kulivuta juu. Mawe yanayowekwa juu ya paa hayasaidii, yakirushwa huua. Kinachosaidia ni kenchi zilizofungwa imara ukutani.

Wanaokufa kwa kimbunga, wengi huuawa na maji, tena mara nyingi upepo ukiwa umeshatulia. Idai kilimwaga mvua kwenye milima ya mashariki mwa Zimbabwe, na mito ya Buzi na Pungwe ikayateremsha maji hayo kwa siku kadhaa hadi mabonde ya nyuma ya Beira yakawa bahari. Kwetu mito ya kutazamwa ni Rufiji, Matandu na Ruvuma. Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotangaza kwamba kimbunga kimepoteza nguvu, tangazo hilo ni sahihi, ila linahusu upepo. La Hidaya lilitoka siku ile ile kilipofika Mafia. Barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikuwa imekatika wilayani Kilwa, na magari ya kusini yalikwama pande zote mbili kwa siku kadhaa, mbingu zikiwa zimeshakunjuka.