Kesi ya talaka si habari ya kusambaza

MTANGAZAJI: Leo tunazungumzia kesi za talaka: nini kinaweza kutangazwa, na nini kibaki mahakamani.

Tuseme mama mmoja wa Gatete, kule Rumonge, amesimama mbele ya hakimu. Anaeleza vipigo, mambo ya chumbani, na shamba la michikichi analogombania na mumewe. Nyuma yake kijana anarekodi kwa simu. Kabla jua halijatua, sauti ya mama imeshavuka mpaka kwa WhatsApp hadi Kigoma na Nyarugusu. Kesho watoto wake watachekwa shuleni. Na mama mwingine anayepigwa ataogopa kwenda kushtaki.

(MUZIKI MFUPI)

MTANGAZAJI: Je, sheria inasemaje? Kwa kawaida mahakama ni ya wazi, ili kila mtu aone kwamba haki inatendeka. Lakini Katiba ya Burundi inamruhusu hakimu kufunga milango pale uwazi unapohatarisha usalama wa umma au maadili. Katiba hiyo pia inakataza kuingilia ovyo maisha ya mtu, familia yake na heshima yake.

Upo pia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966. Burundi, Kongo na Tanzania zote zimeuridhia. Ibara ya 14 inasema waandishi wa habari na watu wengine wanaweza kuzuiwa kuingia ili kulinda maisha binafsi ya wenye kesi. Kwa kawaida hukumu hutolewa hadharani, lakini ugomvi wa ndoa na ulezi wa watoto umetajwa wazi kuwa unaweza kuachwa nje ya kanuni hiyo.

Nchi nyingine zimekwenda mbali zaidi. Uingereza ina sheria ya mwaka 1926: katika kesi ya talaka, gazeti linaweza kuandika majina ya wahusika, madai kwa ufupi, hoja za sheria na uamuzi wa hakimu. Ushahidi wa chumbani haumo.

Msikilizaji, tuelewane hapa. Faragha haimfichi mkosaji. Kupigwa ni kosa, na unayo haki ya kulisema polisi, kituo cha afya, au kwa wahudumu wa ulinzi kambini. Kinacholindwa ni yule anayesema.

Na wewe mkimbizi, Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, ibara ya 16, unakupa haki ya kufika mahakamani. Basi ukiwa na kesi:

Moja: kabla hujaanza kutoa maelezo, mwombe hakimu akusikilize faragha, na umweleze sababu.

Mbili: ukiona mtu anarekodi, mwambie hakimu au karani papo hapo.

Tatu: kama maneno yako yameshasambazwa, hifadhi ujumbe, namba iliyoutuma na tarehe. Kisha mwone msaidizi wa sheria.

Nne: nakala ya hukumu itunze vizuri. Ofisi inayohitaji kujua kama ndoa imevunjika itaona hukumu. Haina haja ya kusikia ulivyolia.

Na wewe uliyetumiwa sauti ya mwenzako, usiipeleke mbele. Ifikie kwako, iishie kwako. Maji yakimwagika hayazoleki.

 

(MUZIKI WA KUFUNGA)