Cranes Ukiwa Mbale: Namboole, Kibanda au King'amuzi?

Timu ya taifa haichezi kila wiki. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mpenzi wa Uganda Cranes anayeishi Mbale anapaswa kulikumbuka kabla hajatoa shilingi mfukoni, maana wengi wanaotuuzia mpira wanauuza kwa mwezi, na Cranes hawachezi kwa mwezi. Hadi 2025 kalenda ya FIFA ilizipa timu za taifa nafasi Machi, Juni, Septemba, Oktoba na Novemba, mechi mbilimbili. Kwa mwaka wa kawaida ni mechi kumi hivi, na nusu yake nyumbani. Piga hesabu kwa mechi, na utashangaa ni kitu gani kilicho ghali na ni kipi cha bei poa.

Bei ninazotumia hapa ni makadirio ya mjini kwetu, kwa shilingi za Uganda. Zinapanda wakati wa sikukuu, na katika Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, msimu wa tohara ya Imbalu unapofunguliwa Mutoto na ngoma za kadodi kujaza barabara, usimwamini kondakta yeyote anayekwambia nauli ni ileile ya jana.

Tuanze na uwanjani, kwa sababu ndiko kila mtu anakotaka kwenda na ndiko pesa inakopotea. Kutoka Mbale hadi Kampala kupitia Tirinyi, Iganga na Jinja ni zaidi ya kilomita 200. Lakini uwanja wa Mandela, yaani Namboole, haumo katikati ya Kampala. Uko Bweyogerere, kwenye barabara ya Jinja, na gari linalotoka kwetu linaupita kabla ya kuingia mjini. Wengi wasioijua njia huenda hadi stendi kubwa, wakanaswa kwenye foleni, kisha wakalipa boda kuwarudisha walikotoka. Shuka Bweyogerere. Nauli hutapunguziwa, kondakta atakujibu kwamba Kampala ni 25,000 na ukishuka njiani hiyo ni shauri yako, mzee. Mlipe tu. Unachookoa ni pesa ya boda na saa nzima ya jua.

Kwenda, basi, ni 25,000. Tiketi ya kawaida hutegemea mechi, tuweke 20,000. Chakula na maji, kwa anayejua kula rolex badala ya kukaa mezani, 15,000. Mpaka hapo ni 60,000, na watu wengi huishia hapo wanapopanga safari. Kosa liko kwenye kurudi. Mechi ikianza saa moja usiku inakwisha karibu saa tatu. Unatoka pamoja na maelfu, unasimama kando ya barabara, na magari yanayotoka Kampala kwenda mashariki yanapita yakiwa yamejaa. Lile linalosimama linajua shida yako. Nauli inakuwa 30,000, wakati mwingine zaidi, na ukibahatika unafika mnara wa saa wa Mbale saa nane za usiku. Jumla ni 90,000. Ukiamua kulala gesti ya kawaida upande wa Kireka, ongeza 40,000 na chai ya asubuhi.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa kwenye tiketi, nayo ni dakika za mwisho. Kwenye CHAN ya Agosti 2025, Afrika Kusini walikuwa wanaongoza 3–1 pale Namboole mchezo ukielekea ukingoni. Cranes wakapata penalti mbili, ikawa 3–3, na Uganda ikamaliza kileleni mwa kundi. Anayetoka dakika ya themanini ili awahi gari la Mbale analipa pesa ileile na anaambiwa habari hizo na jirani yake kwenye kiti. Kwa maoni yangu, kama huna usafiri wa uhakika wa kurudi, umenunua tiketi ya dakika themanini.

Dawa yake ni kukodi. Gari dogo la abiria kumi na wanne, zile Hiace ambazo huku tunaziita drone, hukodishwa kwa siku. Mafuta ya kwenda na kurudi, lita arobaini na kitu kwa bei ya kama 5,000 kila lita, tuseme 220,000. Mwenye gari 200,000. Dereva na chakula chake 50,000. Maegesho 10,000. Inafika 480,000. Mkiwa kumi na wanne kila mmoja anatoa 34,300 hivi, dhidi ya 55,000 za kwenda na kurudi kwa nauli. Tena gari linawasubiri, na hakuna wa kuwaambia mtoke kabla ya filimbi.

Lakini hesabu hiyo inasimama kwa idadi ya watu. Mkiwa kumi, ni 48,000 kila mmoja. Mkiwa tisa, 53,300, bado mmeokoa kidogo. Mkiwa wanane ni 60,000, na sasa mmeingia hasara. Kila anayepanga safari za namna hii anajua kwamba watu kumi na wanne wanaokubali siku ya Jumanne huwa saba asubuhi ya Jumamosi. Kwa hiyo mchango ukusanywe kabla, uwe usiorudishwa, na ukusanywe kwa mobile money moja kwa moja hadi kwa mwenye gari. Mkikusanya pesa kwa mtu mmoja kisha akazitoa kwa wakala, serikali inachukua nusu asilimia ya kinachotolewa, yaani 2,400 kwa hizo 480,000, na ada ya kutolea iko juu yake. Si pesa nyingi, lakini kwa nini mzitoe?

Wakati mwingine mechi mbili za nyumbani hufuatana. Juni 2024, Namboole iliporudi kutumika baada ya ukarabati, Cranes waliwafunga Botswana 1–0 Ijumaa tarehe 7, na Jumatatu tarehe 10 wakafungwa na Algeria 2–1. Je, mtu wa Mbale abaki huko siku tatu au arudi? Kubaki ni usiku tatu za gesti, 120,000, na chakula cha siku zote hizo. Kurudi ni nauli ya 55,000 zaidi. Kama huna shangazi Kireka wa kukupa godoro, rudi nyumbani. Na kama unaye, usiende mikono mitupu. Mkungu wa matoke au mfuko wa malewa ni nafuu kuliko gesti na heshima yake ni kubwa.

Ndugu zetu wa Jinja hawana shida hizi. Wao wako umbali usiofika nusu ya wetu, wanavuka daraja jipya la Nile, wanapita Mabira, na usiku huohuo wako kitandani kwao. Ndiyo maana mtu wa Mbale mwenye rafiki Jinja anaweza kuikata safari ya usiku mara mbili: alale huko, apande gari la alfajiri. Nauli ikigawanywa hupanda kidogo, usingizi unafidia.

Sasa nyumbani. King'amuzi cha kulipia kina raha yake, hasa kwa mwenye watoto na mama watoto anayependa tamthilia zake. Lakini tukiangalia Cranes peke yao, tukadirie kifurushi chenye chaneli za michezo kwa 60,000 kwa mwezi. Kwa kalenda ya hadi 2025, miezi mitano ya dirisha la FIFA ilikuwa 300,000; gawanya kwa mechi kumi, kila mechi ni 30,000, bila kuhesabu bei ya king'amuzi chenyewe. Kwa pesa hiyo karibu unamaliza nauli ya kukodi. Wanaoifanya iwe rahisi ni majirani: ukikaribisha watu sita wenye kuja na soda zao, inakuwa 5,000 au pungufu kila mmoja, ukiwemo wewe. Vilevile lipia siku ya mechi ya kwanza, si tarehe mosi, kwa sababu kifurushi huhesabiwa siku thelathini tangu ulipolipa. Kuanzia 2026 FIFA imeunganisha madirisha ya Septemba na Oktoba kuwa moja, kwa hiyo mechi nne zinaingia ndani ya malipo ya mara moja. Hapo king'amuzi kinajitetea.

Kabla ya kulipa, uliza kwanza kama UBC, runinga ya taifa, wataonyesha. Kuna mechi zinazokuja bure, na kuna watu wanaolipia mechi ambayo jirani anaitazama kwa antena. Pia angalia salio la umeme wa Yaka. Umeme ukikatika dakika ya kumi, haujali umelipia kifurushi gani.

Kibanda cha kutazamia mpira ndicho mshindi wa bei, na sidhani kuna ubishi. Kiingilio 2,000, soda 2,000, mechi imekwisha. Mwaka mzima wa Cranes kibandani, nyumbani na ugenini, ni 40,000 ukinywa soda kila mara. Ukitazama ukutani pale mlangoni utaona ubao wa chaki wenye mechi za siku, saa, na mara nyingi jina la timu limekosewa herufi. Ndani kuna mabenchi ya mbao yasiyo na mgongo, turubai jeusi dirishani, na joto. Jenereta liko nyuma. Ndiyo sababu nyingine ya kibanda kushinda sebule: mwenye kibanda hawezi kumudu giza.

Jambo ambalo wateja wengi hawalitumii ni hili. Wiki ya timu za taifa, ligi ya Uingereza inapumzika. Hakuna Arsenal, hakuna Manchester United, na mwenye kibanda ana mabenchi ambayo Jumamosi nyingine yangejaa mara tatu. Wiki hiyo nguvu iko kwa mteja. Kikundi cha watu ishirini kinachomwendea siku mbili kabla kinaweza kupata kiingilio cha 1,500, na kinaweza kumfanya asibadilishe chaneli. Kwenye AFCON mambo hugeuka. Tarehe 27 Desemba 2025, Uganda ilipocheza na Tanzania huko Morocco ikawa 1–1, Msuva kwa penalti na Ikpeazu akasawazisha, Waingereza nao walikuwa uwanjani siku hiyohiyo. Vibanda vyenye skrini moja vililazimika kuchagua. Wakati wa mashindano makubwa, basi, ulizia mapema ni skrini ipi ya Cranes, la sivyo utalipa 2,000 kuangalia kitu kingine.

Kibanda si cha kila mtu. Mama mwenye mtoto mgongoni au mzee mwenye maumivu ya mgongo hatafurahia benchi lile. Baa yenye skrini ina kiti cha plastiki chenye mgongo na hewa, kiingilio hakuna, lakini kiti kinalipiwa kwa chupa: bia mbili na kijiti cha muchomo ni 15,000 au zaidi. Mhudumu hakufukuzi ukinywa soda moja kwa saa mbili, anakuangalia tu.

Simu naweza kuimaliza upesi. Mechi nzima kwa picha ya wastani inakula kama GB 2, na tangu Julai 2021 bando lina kodi ya asilimia 12, iliyochukua nafasi ya ile ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku. Mbaya zaidi, picha inachelewa. Kibanda cha pili kitapiga kelele za goli wakati wewe bado unaona kipa anaweka mpira chini. Redio ya betri haina ubaya huo, na kwa mechi za ugenini zisizoonyeshwa popote bado ndiyo rafiki. Miaka ile Namboole ilipofungwa, Cranes wakalazimika kucheza mechi zao za "nyumbani" Ismailia dhidi ya Tanzania na Douala dhidi ya Algeria, wengi wetu tulirudi kwenye redio.

Jezi nitasema machache. Ile rasmi ya FUFA, yenye chapa ya Janzi, ni ghali kwa mfuko wa hapa. Nakala za sokoni ni kama 25,000 hadi 35,000. Nakala zinapauka mabegani baada ya kufuliwa mara chache na nembo inaanza kujikunja pembeni. Kama unaivaa mara kumi kwa mwaka, nakala inatosha. Kama unaivaa kazini kila Ijumaa, nunua rasmi mara moja.

Mimi nikipewa 300,000 kwa mwaka mzima, ningekwenda Namboole mara tatu kwa gari la kukodi, kwa 70,000 hivi kila safari na tiketi ndani, zingine zote ningezitazama kibandani, na salio lingenunua jezi ya sokoni. King'amuzi ningewaachia wenye familia.

Hesabu itabadilika 2027, AFCON itakapoandaliwa na Uganda, Kenya na Tanzania pamoja. Si Namboole tu. Kuna uwanja mpya wa Hoima, na Hoima kwa mtu wa Mbale ni kuvuka Kampala kisha kuendelea magharibi kilomita karibu 200 tena. Gari la kukodi halitaweza kurudi usiku huohuo. Wekeni usiku mmoja wa dereva na siku ya pili ya mwenye gari kwenye hesabu, yaani zaidi ya 250,000 juu ya zile 480,000, bila mafuta ya ziada, na anzeni kuchanga sasa.